Mpiga Picha wa Harusi na Amana Anayoibeba

Zamani, harusi ilipokwisha katika miji yetu ya pwani, wenye shughuli walibakiwa na vitu vitatu: deni la mchele na nyama, harufu ya udi iliyoshika nguoni, na maneno ya watu. Siku hizi kimeongezeka cha nne, nacho ni picha. Deni hulipwa, harufu hupotea, maneno ya watu hugeukia harusi nyingine. Lakini picha hukaa. Itatazamwa na wajukuu ambao hawajazaliwa, na aliyeipiga huenda akawa mgeni aliyeingia nyumbani mara moja tu, akala pilau, akaondoka.

Ajabu, ndugu msomaji, ni kwamba mgeni huyu ndiye tunayemchagua kwa haraka kuliko wote. Mpishi huulizwa habari zake mtaa mzima. Mpambaji hutazamwa kazi yake katika harusi mbili tatu. Mshoni huenda akarudishiwa gauni mara nne. Ama mpiga picha, aghalabu hupigiwa simu zikiwa zimesalia siku chache, akaulizwa bei, akaambiwa njoo. Na huyu ndiye tunayemkabidhi sura za mabinti zetu na dada zetu wakiwa katika mapambo ambayo Sheria imewataka wayafiche mbele ya asiyekuwa maharimu.

Sikusudii hapa kuifungua upya ile mas-ala ya kuwa picha ya kamera ni halali au si halali. Wanavyuoni wamehitilafiana: wako walioikataza ila kwa dharura, na wako walioijuzisha, miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye alitunga risala akieleza kuwa kamera haiumbi sura bali huzuia kivuli tu. Nyumba iliyofuata kauli ya kukataza haina haja na makala haya. Nayaandikia nyumba zilizokwisha kubali. Nazo zikumbuke kuwa kisichofaa kutazamwa kwa macho hakiwi chafaa kwa sababu kimetiwa katika karatasi.

Jambo lenyewe si geni. Mjini Unguja duka la picha la Capital Art Studio lilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na Mombasa watu wa umri mkubwa wanaikumbuka Parekh Studio. Mtu alivaa akenda dukani, akakaa mbele ya pazia, akapigwa. Filamu ilioshwa katika chumba cha giza, na negativu zikabaki kabatini mwa mwenye duka. Khatari ilikuwapo, lakini ilikuwa na mipaka, kwani ili picha itoke ilibidi mtu afungue kabati. Kaseti za video zilipoingia harusini katika miaka ya 1980, mipaka ikaanza kubomoka, maana kaseti iliyoazimwa jirani hunakiliwa usiku mmoja. Sasa picha mia nane hukaa katika kadi ndogo kuliko stampu ya barua, na huvuka bahari kabla asumini za kichwani mwa bibi harusi hazijanyauka.

Waliolifahamu hili mbele ya wengine ni wanawake wenyewe. Katika kumbi nyingi za Mombasa na Unguja, siku ya kupamba, mlangoni husimama mabibi wawili watatu wakipokea simu za waalikwa, au wakizibandika karatasi juu ya jicho la kamera. Ni kazi nzito, yenye kuambiwa maneno, nami nawaombea thawabu. Lakini tazama: simu za waalikwa mia tatu zimezuiliwa mlangoni, na katikati ya ukumbi yupo mtu mmoja mwenye kamera mbili anayepiga kila kitu, walioacha mabuibui yao vitini, wanaocheza, hata anayenyonyesha pembeni. Ulinzi wote ule una faida gani ikiwa hapana aliyeuliza kamera hizo zitakwenda wapi shughuli ikisha?

Jawabu la haraka ni kutafuta mpiga picha mwanamke. Ni jawabu sahihi, na alhamdulillahi siku hizi wamo wasichana hodari wa kazi hii. Lakini si jawabu kamili. Bibi mmoja wa Mombasa aliyekuwa akimwoza bintiye alinihadithia mazungumzo yake na msichana aliyetaka kumpa kazi.

«Mwanangu, kazi yako nimeiona na nimeipenda. Sasa niambie, ukishapiga, picha hizi nani atazifungua?»

«Mimi mwenyewe, mama.»

«Na kuzitengeneza?»

«Kuna kaka mmoja tunafanya naye kazi, yeye ndiye fundi wa kompyuta. Usiwe na wasiwasi, mama, ni mtu wa heshima.»

«Heshima yake mimi siitii ila. Lakini binti yangu si maharimu wake.»

Msichana akanyamaza, kisha akasema kweli: tangu aanze kazi ile hapana mteja aliyewahi kumwuliza swali hilo. Wakapatana kuwa picha za upande wa wanawake atazitengeneza yeye mwenyewe, ingawa zitachelewa wiki tatu na bei itapanda kidogo. Mama akazikubali wiki tatu na nyongeza ile, naye kwa rai yangu alinunua kitu cha thamani kwa bei rahisi.

Basi ulizeni kama alivyouliza yule mama, na msiishie kwa mpigaji. Anakuja na msaidizi? Nani? Picha zitahifadhiwa katika kompyuta ya nani, na nani mwingine anaitumia? Albamu itachapwa wapi? Hapa wengi hughafilika, kwani wapiga picha wengi hawana mitambo yao ya kuchapa. Huzipeleka picha kwa mtandao katika duka la watu wengine, na huko hutazamwa moja moja na wasiojulikana. Njia nyepesi ni kuchapa albamu ya zile za sitara peke yake, na zilizobaki zikae katika diski ya bibi harusi.

Sheria za nchi nazo zimeamka. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Na picha ya mtu anayetambulikana ni katika taarifa zake. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi wao. Kwa hiyo mpiga picha anayeweka sura ya bibi harusi katika Instagram kuitangaza kazi yake, bila ya ruhusa, hakuvunja adabu tu. Wengine huweka sharti hilo katika karatasi yao kwa maandishi madogo, na wengine hupunguza bei kwa ajili yake. Bei ikishuka ghafla, uliza kilichouzwa.

Na karatasi lazima iwepo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Nasi twaona haya kuandikiana na kijana wa mtaani kwa kuwa «twajuana». Ijara katika fiqhi yataka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kusema «utupigie harusi» si kuijulisha kazi, kwa sababu harusi ya pwani huweza kuwa siku tatu nne: ya hina, ya nikaha, ya kupamba, na pengine ya walima. Iandikwe ni siku zipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, picha zitakabidhiwa lini, na nani atakuja akiugua mwenyewe. Na huyo wa badala, kwa upande wa wanawake, awe mwanamke pia. Ulizeni vile vile kama kamera yake huandika katika kadi mbili kwa wakati mmoja, maana kadi huharibika, na nikaha hairudiwi kwa ajili ya kamera.

Kuna pia habari ya arbuni. Desturi ni kutoa sehemu ya fedha mbele, na shughuli ikivunjika mpiga picha huila yote. Wanavyuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo ya wengi wetu pwani, hawakuijuzisha arbuni ya namna hiyo katika biashara. Imamu Ahmad aliijuzisha. Mpiga picha naye ana haki yake, kwani amewarudisha wateja wengine kwa ajili ya siku yako. Afadhali iandikwe kuwa fedha ya mbele ni sehemu ya ujira, na mwelezane tangu mwanzo itakuwaje harusi ikiahirishwa; na mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya kutoa, si baada ya kugombana.

Siku yenyewe ikifika, mpeni nafasi ya kufanya kazi. Kwetu jua likitua giza huingia mara, hatuna jioni ndefu. Wanaotaka picha za nje wawe tayari baada ya Alasiri, si dakika kumi kabla ya Maghribi ambapo kila mtu anatafuta maji ya udhu. Msikitini aonyeshwe mapema atakapoketi walii na atakapoketi bwana harusi, kwani ijabu na kabuli ni maneno ya muda mfupi; asipite mbele ya wanaosali, na flashi aizime wakati wa khutba. Kanzu nyeupe chini ya taa kali huungua pichani hata darizi ya shingoni isionekane, na fundi mzuri hulijua hilo. Hina ya asili hukoza siku ya pili, kwa hiyo picha za mikono zingoje. Droni ikatazwe kabisa karibu na ua walimo wanawake, maana ukuta uliojengwa kwa sitara haukujengewa jicho linalotoka juu. Na kuirusha kwenyewe kwataka idhini ya serikali.

Jamaa wa kila upande wamtoe mtu mmoja, shangazi ndiye bora, amwonyeshe mpiga picha nani ni nani. Nimeona albamu zenye picha ishirini za keki, na hapana hata moja ya bibi mzaa mama.

Siku ya kukabidhiwa aende mama au dada wa bibi harusi, si kijana wa kutumwa. Picha za wanaume na za wanawake ziwe katika diski mbili mbalimbali, ili ya kwanza iweze kupelekwa kwa jamaa wa Muscat na London bila ya hofu. Ya pili apewe bibi harusi mkononi mwake. Zikishafunguliwa zikaonekana ni salama, na nakala ya akiba imefanywa, mpiga picha afute zake za upande wa wanawake, katika kompyuta, katika kadi na mtandaoni, na huyo aliyekwenda akae hapo hapo atazame mpaka zimekwisha.