Gua: Neno Moja, Maana Mbili

Kwa Mnuer, neno "gua" ni amani. Kwa msemaji wa Kiarabu cha Sudan, ni nguvu. Mwaka 2005 mwanamuziki Emmanuel Jal, aliyeshikishwa bunduki ya SPLA, jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan, akiwa bado mtoto, alilifanya neno hilo kuwa jina la albamu yake ya kwanza. Tarehe 9 Januari mwaka huohuo, serikali ya Khartoum na SPLM, chama cha waasi hao, walitia saini mkataba wa amani jijini Nairobi, jiji lilelile ambako Emma McCune, mfanyakazi wa misaada kutoka Uingereza, alikuwa amempeleka Jal kumwepusha na vita. Wimbo wenye jina la albamu ulishika nafasi ya kwanza Kenya. Wengi huyasimulia hayo kama kisa cha mtu aliyenusurika. Lakini albamu hii inafaa kupimwa kama kazi ya sanaa, maana ilijibu swali ambalo Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, bado inahangaika nalo: watu wa makabila mengi wazungumze kwa lugha gani?

Jibu la Jal lilikuwa kuzitumia zote: Kinuer, Kidinka, Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Uzito wa uamuzi huo utauona ukikumbuka mwaka 1991, SPLA ilipogawanyika, kisha damu ya Wadinka ikamwagika katika mji wa Bor mikononi mwa wapiganaji ambao wengi wao walikuwa Wanuer. Msanii wa Kinuer anapoimba Kidinka baada ya yaliyotokea Bor, anamkaribisha jirani ndani ya wimbo. Ndani ya mwaka huohuo alitoa albamu nyingine, Ceasefire, pamoja na Abdel Gadir Salim, Mwislamu na mpiga udi kutoka Kordofan. Kaskazini na Kusini wakakutana kwenye sahani moja ya muziki.

Wapo watakaosema rap ni ya Wamarekani, kwa hiyo Jal aliacha ya kwao akaiga ya wageni. Mbona udi na fidla vilifika Zanzibar kutoka ng'ambo, na leo hakuna anayeihesabu taarabu kuwa ya kigeni? Huko Marekani kwenyewe, bendi ya Uncle Tupelo ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1990 ikichanganya ghadhabu ya panki na nyimbo za kale za kantri, na si panki wala kantri iliyopungukiwa kwa hilo. Ala na mitindo husafiri. Cha kumuuliza msanii ni amevitumia kusema nini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba amani iliyoimbwa haikudumu. Ni kweli: Desemba 2013 risasi zililia Juba, na majirani wakawindana kwa makabila yao. Lakini hata saini za wakubwa hazikuzuia vita hivyo, na wimbo haukuwahi kuwa na jeshi. Kazi ya wimbo ni kulitunza neno hadi watu watakapolihitaji. Na walilihitaji: mwaka 2016 vijana wasanii wa Sudan Kusini walianzisha vuguvugu la Ana Taban, yaani "nimechoka" kwa Kiarabu cha Juba, wakidai amani kwa michoro ya ukutani, maigizo ya mitaani na muziki.

Kwa hiyo Gua isiachwe ikawa kumbukumbu ya mtu mmoja. Redio za Juba ziipige, na walimu waifundishe. Mtoto wa Kidinka na wa Kinuer waisikie pamoja, kila mmoja aikute lugha yake humo, kisha aikute na ya mwenzake.