Shida na Hatari: Maneno Mawili Yanayochanganywa

Maneno shida na hatari yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika mazungumzo ya Bukavu mara nyingi hutumiwa kana kwamba hatari ni shida iliyozidi kipimo. Kwa maoni yetu sivyo, na sarufi yenyewe inakanusha.

Husemwa "nina shida ya maji" au "nimeona taabu". Lakini hakuna asemaye "nina hatari ya maji". Shida ina mwenyewe, naye huihisi. Hatari hukaa mahali au ndani ya kitu: mtu "yumo hatarini", na aweza kuwamo bila kujua. Kwa hiyo wingi wa malalamiko haupimi hatari. (Vijana wanaosema "hatari" wakisifu wimbo tuwaache kando.)

Mfano ulio wazi ni mazuku, neno la huku Kivu ambalo wataalamu wa volkano wa nchi za nje wameliazima. Ni gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini karibu na Goma na Sake. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Haina rangi wala kelele. Mbuzi hufa, na mtoto mfupi hudhurika pale ambapo baba yake angali anapumua. Ziwa Kivu lenyewe limeficha kilindini gesi hiyo pamoja na methani. Ziwa Nyos la Kameruni lilipotoa gesi yake mwaka 1986, watu wapatao 1,700 walikufa. Mvuvi wetu hulalamikia bei ya nyavu.

Hapa mjini mambo hayo mawili hufungamana, kwani mara nyingi njia ya kuikimbia shida ndiyo inayotufikisha hatarini. Umeme ukikatika, hiyo ni shida. Mbabula yenye makaa ikiingizwa katika chumba kilichofungwa ili watu waote moto, hiyo ni hatari, maana monoksidi ya kaboni haina harufu. Bomba likikauka ni shida. Kunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa ni hatari ya kipindupindu. Vivyo hivyo mlima wa Kadutu: matope humchosha apandaye, bali mteremko uliokatwa ili kujenga waweza kumfukia usingizini.

Anayeandika tangazo la afya, basi, asiseme "kuna shida ya maji" pale anapokusudia kipindupindu. Msomaji atatafuta ndoo, hatatafuta kuni za kuchemshia.