Mhindu Anatafuta Nini?

Bila shaka umeisikia methali hii: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tunaisema tunapomwona mtu anamchukia mwenzake, lakini kitu cha mwenzake anakitaka. Baniani ni jina la zamani la mfanyabiashara Mhindu aliyevuka bahari kuja pwani yetu. Bidhaa za dukani kwake watu walizijua. Je, imani yake waliijua?

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Tanzania ni Waislamu. Wengine ni Wakristo au Masingasinga. Kwa hiyo si kila Mhindi ni Mhindu.

Dini ya Kihindu ina umri wa zaidi ya miaka 3,000. Haikuanzishwa na mtu mmoja. Vitabu vyake vya kale kabisa huitwa Veda. Leo wafuasi wake ni zaidi ya milioni 1,000, na wengi wao wako India na Nepal. Hapa Tanzania wana mahekalu katika miji kama Dar es Salaam na Zanzibar.

Mungu na roho

Ukiingia katika hekalu la Wahindu utaona sanamu nyingi. Utasema wana miungu mingi. Lakini Wahindu wengi husema kwamba ukweli mkuu ni mmoja, nao huitwa Brahmani. Vishnu, Shiva na wengine ni sura mbalimbali za huyo mmoja.

Tena husema kwamba ndani ya kila kiumbe mna roho isiyokufa. Roho hiyo huitwa atma. Wewe uliye Wampembe, chota maji ya Ziwa Tanganyika kwa mtungi. Maji yaliyo mtungini na maji yaliyo ziwani ni yale yale. Mtungi ukivunjikia ziwani, maji yanarudi kwao. Walimu wengi wa Kihindu hufundisha hivyo: mwili ni mtungi, roho ni maji. Wapo na walimu wengine wasemao kwamba roho haiwi kitu kimoja na Mungu, bali huishi karibu naye na kumpenda.

Matendo hayapotei

Ukipanda ulezi hutavuna mahindi. Wahindu husema matendo nayo ni mbegu. Tendo na matunda yake huitwa karma. Mtu akifa, roho yake huzaliwa tena katika mwili mwingine, na maisha yake mapya hufuata matendo yake ya zamani. Atakufa tena, atazaliwa tena. Kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo huitwa moksha. Hilo ndilo lengo kuu la Mhindu.

Ndiyo sababu Wahindu huchoma maiti. Kwao mwili umekwisha kazi yake. Majivu hutiwa majini.

Kabla ya moksha, Mhindu ana malengo mengine matatu hapa duniani: kutimiza wajibu, kupata mali, na kufurahia maisha. Wajibu huitwa dharma, nao huongoza mali na furaha. Kutafuta mali si dhambi. Lakini mwenye duka akipunja mizani amevunja dharma, hata kama hakuna aliyemwona.

Njia za kufika

Njia za kufikia moksha ni nyingi. Zinazotajwa sana ni tatu: kutafuta maarifa, kumpenda Mungu kwa ibada, na kutenda kazi bila tamaa. Njia hii ya tatu imeelezwa katika kitabu kiitwacho Bhagavad Gita. Mfikirie mvuvi. Kushona wavu vizuri na kuamka mapema kumo katika uwezo wake. Kupata samaki hakumo. Basi afanye kazi yake kwa moyo wote, na matokeo asiyafanye bwana wake.

Mhindu mmoja aliyeipenda sana Gita ni Mohandas Gandhi. Aliishi Afrika Kusini kati ya mwaka 1893 na 1914, kisha akarudi India kupigania uhuru bila kutumia silaha. Alipinga pia ubaya uliokuwa nyumbani kwake. Kwa karne nyingi Wahindu wa matabaka ya juu waliwaita wenzao wengine najisi. Waliwakataza visima na mahekalu, na wengine walidai kwamba hayo ni malipo ya karma yao. Gandhi alisema jambo hilo ni dhambi. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu hivyo, ingawa desturi hiyo haijaisha kabisa.

Gandhi aliuawa kwa risasi tarehe 30 Januari 1948. Aliyemwua alikuwa Mhindu mwenzake. Mwaka huohuo sehemu ya majivu yake ilitiwa katika mto Nile, huko Jinja, Uganda.

Maswali ya kujadiliana

1. Mhindi na Mhindu wana tofauti gani?
2. Karma ni nini? Moksha ni nini?
3. Je, ni haki kumwambia mtu mwenye shida kwamba ameyavuna matendo yake? Toeni sababu.
4. Katika kazi yako, ni jambo gani limo katika uwezo wako, na ni lipi halimo?