Kutambua Vihusishi katika Sentensi za Kiingereza
Orodha za vihusishi wanazokaririshwa wanafunzi wa Kiingereza ni msaada haba pale neno moja linapofanya kazi mbili. Katika "He ran up the hill", yaani alipanda kilima mbio, "up" ni kihusishi kinachoitawala nomino. Katika "He ran up a bill", yaani alilimbikiza deni, "up" ni sehemu ya kitenzi. Kipimo ni kuweka "it" badala ya nomino: sentensi ya kwanza huwa "He ran up it", ya pili "He ran it up". Msemaji wa Kiswahili ana kikwazo cha ziada. Katika "alimpikia", maana ya "for" imo ndani ya kitenzi; nalo neno "mezani" halibainishi kama kitu ki juu ya meza au kando yake, jambo ambalo Kiingereza humlazimisha kuliamua kati ya "on" na "at".