Baba Watoto Kaleta Jiko la Pili

Mtaani kwetu mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Sasa fikiria mwenzangu, mume wako wa miaka tisa anakaa mezani Jumanne asubuhi, anakohoa kidogo kusafisha koo, halafu anakwambia, "Mama watoto, nimepata jiko." Nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Kilibaki hewani.

Kumbe la kuchomea nyama! Kuna mama mmoja wa Kizungu kule Masaki, mkataba wake wa kazi ulikuwa umekwisha, anafungasha kurudi kwao na anauza vitu vya ndani kama wanavyofanya wengi wao. Kati ya makochi na mafeni lilikuwemo jiko la mkaa la kauri, lile la duara lenye kifuniko kizito kama kuba la msikiti. Anataka milioni moja na nusu, ila maelewano yapo. Nikapumua. Nikadhani yamekwisha. Ndipo baba watoto akaongeza, kwa ile sauti ya chini anayoitumia akijua anaomba kikubwa: "Lile lako la gesi tutaliuza, tufidie."

Lile lako!

Ngoja nikueleze habari ya hilo langu. Nililinunua mwezi niliopandishwa cheo kuwa mhariri, kwa pesa yangu, bila kuomba shilingi ya mtu. Lina vichomeo vitatu na mtungi wa kilo 15 pembeni. Natoka ofisini saa kumi na mbili, foleni ya Barabara ya Bagamoyo inanimaliza, nafika nyumbani saa mbili kasoro. Nabonyeza kitufe, dakika kumi chuma kimeshapata moto, changu wawili na ndizi mbichi juu, watoto wanakula kabla hawajaanza kusinzia. Bila jiko lile ningekuwa mama wa kuagiza chipsi kila siku. Halafu leo liuzwe ili mwanamume achezee mkaa?

Shoga yangu wa ofisini alikipa kitu kile jina kabla hakijafika. "Hiyo ni nyumba ndogo," akasema, "tena inataka kuhamia kwenye nyumba kubwa." Tulicheka sana. Usiku sikulala.

Wiki mbili nzima nyumba yetu iliendeshwa kwa maneno mawili, lako na langu. Jiko lako linakula gesi. Jiko lako halijafika na tayari linakula akili. Isitoshe, mimi mwenyewe katika kurasa hizi nimewahimiza muachane na mkaa, misitu inakwisha na vifua vya akina mama vinaungua. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi nikaandika maneno mazuri kuusifu. Sasa niingize gunia getini mchana kweupe, majirani wananitazama?

Lakini nikuambie ukweli wangu wote. Nilisoma mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu, cheti kipo ukutani, na katika wiki mbili hizo sikumuuliza mume wangu swali moja jepesi: kwa nini mkaa, na kwa nini sasa? Nilidhani jibu ninalo. Rafiki yake mmoja wa Mbezi Beach alinunua jiko kama hilo, akawa analipiga picha kila Jumapili. Nikasema hayo ni mashauzi tu ya wanaume.

Mwisho tukaafikiana. Tutakwenda kuliona pamoja. Likiwa zima tutalichukua kwa akiba ya kiwanja, na bei isivuke milioni moja. La gesi haliuzwi, na neno "tufidie" nisilisikie tena ndani ya nyumba ile.

Kabla ya kwenda nikafanya kile ninacholipwa kufanya, yaani kusoma. Jiko hili kwa asili linaitwa kamado, neno la Kijapani lenye maana ya jiko. Wajapani walikuwa na chungu cha udongo chenye kifuniko cha kupikia wali, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kimarekani waliokuwa huko wakakipenda, wakaondoka nacho kwenda kwao. Mwaka 1974 Ed Fisher akafungua duka Atlanta na kuanza kuyauza, na hapo ndipo ilipotoka Big Green Egg, lile la kijani ambalo jina lake limeenea kuliko yote. Ya mwanzo yalikuwa ya udongo na yalikuwa yakipasuka, baadaye ikaja kauri ngumu zaidi. Hilo la Masaki lilikuwa jekundu, la kampuni nyingine, lakini ukoo ni mmoja. Na usidhani ni mgeni sana kwetu. Majiko yetu yenye bati nje na udongo ndani yalianza kuenea Kenya miaka ya 1980, na wazo lake lilichukuliwa kwenye jiko la ndoo la Thailand. Udongo unatunza moto, na bibi yako alilijua hilo.

Sasa msomaji, kama na wewe unafikiria kununua jiko hili mkononi mwa mtu, nisikilize vizuri hapa. Nenda mchana, tena na tochi. Kagua kifuniko na tumbo la jiko, nje na ndani. Vinyufa vyembamba kama utando wa buibui kwenye rangi havina neno. Ufa uliopenya hadi ndani ndio ugonjwa, ukiuona aga uondoke. Inua kifuniko kwa mkono mmoja: kikikulemea au kikikaa upande, bawaba na springi zake zimechoka, na kifuniko kile kikikuangukia mkononi hutakisahau. Sukuma kile kidirisha cha hewa cha chini na kile cha juu, vyote vitembee, maana moto wa jiko hili unatawaliwa na hewa peke yake. Kisha funga kifuniko juu ya karatasi na uivute. Ikitoka kirahisi, ukanda wa ukingoni umekwisha na hewa inapita. Baba watoto alitumia noti ya elfu kumi, yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Noti ilitoka kama imepakwa siagi. Ukanda hubadilishwa, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Sababu ya pili ilikuwa ndani. Omba bakuli la moto litolewe, usione haya. La kwetu lilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Nilitaka kuondoka, ila nilikuwa nimesoma kwamba bakuli hilo hupasuka mara nyingi kwa sababu ndilo linaloshika makaa, na kwa kuwa limebanwa na ganda la nje huweza kuendelea kufanya kazi muda mrefu. Hilo sikumwambia muuzaji. Nilitikisa kichwa tu kwa masikitiko, kama shangazi aliyeletewa mahari pungufu. Tukamaliza kwa laki tisa na nusu. Na ile waranti ndefu watengenezaji wanayojisifia? Kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo usiihesabu kwenye bei.

Kulisafirisha nako ni kazi. Letu lina kilo 90 na ushee. Vijana wa Kirikuu walitaka kulibingirisha kama pipa, nikapiga yowe. Toa kwanza vya ndani vyote, funga blanketi, na watu wanyanyue kwa kushika chini, siyo kwenye mpini wala bawaba. Nyumbani likakaa uani kwenye kitoroli chake cha chuma. Usiliweke juu ya mbao hivihivi, na liwe mbali kabisa na mtungi wa gesi. Ndani ya nyumba au kibaraza kilichofungwa, hapana kabisa! Mkaa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu. Gunia alilonunua kwa bei chee lilijaa chenga na vumbi, vikaziba matundu ya chini, moto ukakataa. Msichana wetu wa kazi akaja mbio na mafuta ya taa, tukamzuia mlangoni, kwa kuwa kauri hunywa harufu na nyama ingenukia taa mwezi mzima. Ulipowaka sasa, ukawaka kweli. Sindano ya kipimajoto ikapita 300. Baba watoto akafunua kifuniko kwa pupa, hewa ikaingia kwa mkupuo, moto ukaruka na nyusi zake. Siku hizi anafunua kidogo kama upana wa vidole viwili, anasubiri jiko lipumue, ndipo anafungua lote. Tena likishapanda juu kupita kiasi, usitarajie lishuke upesi, ile kauri inashikilia joto kama kinyongo. Kuku alitoka mweusi nje, mwekundu mfupani, na wageni sita wameshanawa mikono.

Sikusema neno. Nilimchukua yule kuku, nikaenda kwenye jiko langu, nikabonyeza kitufe.

Nadhani kule kukaa kimya ndiko kulikosaidia. Ule ugomvi wa kuuza ulikufa siku ile, na taratibu kila jiko likapata kazi yake. Nilibandika karatasi kwenye friji tuwe tunaweka alama. Miezi mitatu baadaye la gesi lilikuwa na alama 41, la kauri 9. Ukipiga hesabu za duka, hiyo ni hasara tupu. Lakini katika hizo tisa kulikuwa na paja la mbuzi lililokaa saa tatu kwenye nyuzi 150 likatoka laini hata bibi asiye na meno angelila, na mkaa hautumiki kama nilivyoogopa. Ukimaliza unaziba hewa juu na chini, moto unakufa wenyewe, makaa yaliyobaki unayatumia safari nyingine. Kwa gunia moja lenye mkaa mgumu wa vipande vikubwa tumekwenda miezi hiyo mitatu na bado lipo.

Halafu kukaja usiku wa kidari.

Kidari cha ng'ombe, kilo tano, chumvi na pilipili manga basi. Unakiweka juu ya sahani ya kauri inayokinga moto usikiguse, unashikilia joto kwenye 110, na unasubiri. Kiliingia saa nne usiku ili kiliwe mchana wa Jumapili. Sikuwa na mpango wa kukesha. Nilitoka saa nane kunywa maji, nikamkuta uani na koti lake, kiti cha plastiki, hana hata simu mkononi. Nikaleta kanga, nikakaa. Kwa gesi hatujawahi kukaa hivyo, chakula kinaiva kabla mtu hajapata neno la kusema.

Moshi ulikuwa mwembamba, unatoka juu kama uzi. Tukautazama muda mrefu.

"Mzee alikuwa anachoma mbuzi kila Desemba," akasema, hanitazami. "Usiku kama huu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Hakuniruhusu kugeuza nyama mpaka nilipomaliza kidato cha nne."

Baba yake tulimzika Kibosho mwaka 2023. Tangu hapo Desemba mbili zilikuwa zimepita bila sisi kupanda Moshi, mara nauli, mara kazi, mara watoto wana kikohozi. Nilizipokea zile sababu moja moja, nikaziamini, nikaona hata ni nafuu kwa mfuko. Sikuwahi kuziweka pamoja.

"Tangu msiba sijanusa huu moshi," akasema. "Lile lako halina moshi. Sikuwa nalichukia, mke wangu."

"Si ungesema."

"Si ungeuliza."

Tukanyamaza tena. Baadaye akaanza kuhadithia mwenyewe, jinsi mzee alivyokuwa akimpa figo kwa siri kabla wajomba hawajafika, jinsi alivyokuwa akigombana na moshi kama na mtu. Kuna kipindi alicheka, kuna kipindi niliangalia pembeni ili afute macho kwa raha zake. Kulipokucha tulikuwa tumeshapanga tarehe ya kupanda basi, na yeye ameshampigia mama yake simu, saa kumi na mbili asubuhi, bibi wa watu akadhani kuna msiba mwingine.

Kidari kilichelewa. Kilifika nyuzi 70 hivi kikagoma saa nzima, ndiyo tabia yake, usiongeze moto. Saa sita na nusu kikagonga 94, uma ukazama bila kusukumwa. Tukakifunga kipumzike, na kwa kuwa watu walishafika na njaa zao, ndizi na mahindi vikaenda kwenye gesi. Aliyekuwa akivigeuza ni yeye, taulo begani, anaimba kwa mdomo uliofungwa.

"Mama watoto," akaniita, "mtungi wako umekata."

"Mtungi wetu," nikamjibu kutoka jikoni. "Na namba ya wakala unayo."