LibreOffice na Utegemezi wa Java katika Linux: Suala la Hifadhidata

LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, hufanya kazi katika Linux hata pasipo Java: nyaraka, lahajedwali na mawasilisho hufunguka kama kawaida. Tatizo hujitokeza katika Base, programu yake ya hifadhidata, kwa kuwa injini yake ya HSQLDB imeandikwa kwa Java. Java ikikosekana, majedwali yaliyohifadhiwa humo hayafunguki, ingawa data yenyewe haijapotea. Katika Debian, msimamizi husakinisha vifurushi vya default-jre na libreoffice-sdbc-hsqldb, kisha huteua Java hiyo katika mipangilio ya LibreOffice. LibreOffice ya biti 64 huhitaji Java ya biti 64. Kwa hiyo, taasisi inayotunza kumbukumbu zake katika Base haina budi kuitaja Java bayana katika mwongozo wake wa usakinishaji.