Bagamoyo: Bandari, Njia ya Bara na Serikali ya Wilaya

Utangulizi

Wilaya ya Bagamoyo imo katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Mji wake uko kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, mkabala wa kisiwa cha Unguja. Kwa wasomaji wa Kongo jina hilo si geni, kwa kuwa huko ndiko ilikoanzia njia kubwa iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe, ikikichukua Kiswahili pamoja na vitambaa na shanga. Makala haya yanaeleza jinsi wilaya hiyo ilivyotawaliwa tangu enzi ya majumbe. Jambo moja hujitokeza katika kila kipindi: Bagamoyo ilifanywa bandari na njia ya bara kuliko bahari yake, na aliyeishika njia ndiye aliyeutawala mji.

1. Mahali, jina na wenyeji

Pwani ya Bagamoyo ina maji machache. Majahazi yaliweza kupwelewa mchangani na kupakuliwa na wachukuzi waliotembea majini, lakini meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Mji ulistawi kwa ukaribu wake na Unguja, na kwa bonde la mto Ruvu, uitwao Kingani karibu na mlango wake, lililowapa wasafiri maji na chakula. Kilomita zipatazo 5 kusini yako magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya mawe, ushahidi kwamba Waislamu walikaa pwani hiyo karne nyingi kabla ya misafara.

Jina la mji, ambalo zamani liliandikwa pia Bwagamoyo, limeelezwa kwa njia mbili. Wengine husema kwamba mpagazi aliyefika pwani alibwaga mzigo wake na moyo ukatulia. Wengine husema kwamba mtumwa aliuacha moyo wake hapo kabla ya kuvushwa bahari. Kilugha maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, maana kubwaga moyo bado ni kuondoa wasiwasi. Hata hivyo maelezo ya pili hayafai kudharauliwa, kwa sababu watumwa walipita hapo kweli, na kumbukumbu yao ni sehemu ya historia ya mji.

Wenyeji wa mji walikuwa Washomvi, Waswahili wanaodai asili ya Barawa. Nyuma yao, upande wa bara, wanakaa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua. Katika karne ya 19 waliongezeka Waarabu, Wahindi na askari wa Kibaluchi, pamoja na Wanyamwezi na Wamanyema waliofika na misafara wakabaki.

2. Majumbe na liwali

Kabla ya nguvu za Unguja kuenea, mji uliongozwa na majumbe, walioitwa pia madiwani. Cheo hicho hakikurithiwa bure. Aliyekitaka alipaswa kuwalisha wenzake karamu na kugawa zawadi, nao wakamkubali. Majumbe hawakuwa peke yao, kwani mapokeo ya Washomvi husimulia kwamba zamani waliokolewa vitani na Wazaramo, chini ya kiongozi mwenye cheo cha pazi, na kwa ajili hiyo Wazaramo wakapata haki ya kupokea sehemu ya mapato ya pwani. Mkataba huo ulionyesha ukweli wa mahali: bila ridhaa ya watu wa bara hakuna msafara ambao ungefika mjini salama.

Sultani wa Unguja alipoweka liwali na askari wake Bagamoyo, hakuwaondoa majumbe. Ushuru wa forodha ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Sewji, kisha Taria Topan, nao majumbe wakaendelea kupokea haki zao katika biashara ya pembe za ndovu. Hivyo mamlaka yaligawanywa: liwali alikuwa na bendera, Mhindi alikuwa na daftari, jumbe alikuwa na watu.

Wageni wengi walipita katika mpango huo. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, akaondoka tena mwaka 1874 katika safari iliyomfikisha Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwaka 1877. Mwezi wa Februari 1874 maiti ya Livingstone ilifikishwa Bagamoyo na Chuma, Susi na wenzao, ikapokewa katika misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Walinzi na wapagazi wa misafara walijiita waungwana, hata wale waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Neno hilo walilichukua hadi Kongo ya mashariki, na huko likazaa jina la Kingwana.

3. Serikali ya Wajerumani

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha forodha ya pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Mawakala wa kampuni walipotaka kupandisha bendera yao na kuamuru kama wenye nchi, watu wa pwani waliasi. Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliongoza upinzani, na maelfu ya wakimbizi wakajihifadhi katika misheni ya Bagamoyo. Wissmann aliletwa na jeshi mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Vita hivyo havikutokana na chuki ya wageni tu. Mpango wa zamani wa kugawana mapato ya njia ulikuwa umevunjwa, na kila aliyekuwa na sehemu yake aliona amenyang'anywa.

Bagamoyo ikawa makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani, lakini mwaka 1891 makao yalihamia Dar es Salaam, yenye bandari ya kina. Mji ukabaki makao ya wilaya. Bwana shauri alikuwa juu. Chini yake walikuwa liwali, maakida na majumbe. Vyeo vya zamani vilihifadhiwa, lakini maana yake iligeuzwa: jumbe aliyekuwa akipokea sasa alikusanya kwa ajili ya mwingine, hasa baada ya kodi ya nyumba kuwekwa katika miaka ya 1897 na 1898.

Mtu mmoja wa Bagamoyo aliyaona mageuzi hayo kwa karibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mwaka 1903, kimetokana kwa sehemu kubwa na maandishi yake. Humo utaratibu wa majumbe umeelezwa na mwenyeji, kwa lugha yake mwenyewe, wakati ambapo ulikuwa ukififia.

4. Reli na kufifia kwa bandari

Reli ya kati ilianzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bahari ya Bagamoyo haikubadilika. Njia ndiyo iliyohama. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipopewa sehemu za bandari kwa ajili ya mizigo ya Kongo, ilipewa Dar es Salaam na Kigoma. Njia ya zamani ya Manyema haikutajwa tena.

5. Wilaya tangu uhuru

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 utawala wa machifu ulifutwa, na serikali za mitaa zikavunjwa mwaka 1972, zikarudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa mjini, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Katika miaka ya 2010 sehemu kubwa ya bara ilipewa halmashauri yake, Chalinze, iliyoko penye njia kuu za magari. Kwa mara nyingine njia ilivuta madaraka upande wake.

Mwaka 2013 Tanzania na kampuni ya Kichina zilitia sahihi makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini ya mji, na jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli alilaumu masharti ya wawekezaji, na kazi ikasimama. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufufua mazungumzo.

Hitimisho

Masharti yaliyobishaniwa mwaka 2019 yanafanana na yale ya mwaka 1888: nani atakusanya ushuru, kwa miaka mingapi, na wenyeji watabaki na nini. Majumbe wa zamani, pamoja na dhambi ya biashara ya watumwa waliyoshiriki, walijua kwamba bandari haidumu ikiwa watu wa njiani hawana fungu lao. Wavuvi na wakulima wa vijiji vya karibu na Mbegani ndio wenye swali hilo leo, na jibu lake haliwezi kutolewa na bahari.